Almasi Mkononi mwa Mheshimiwa

Wapokeaji wa zawadi nono wana methali wanayoipenda: mkono mtupu haulambwi. Husema kwamba Mwafrika hamwendei mkubwa mikono mitupu, na kwamba kumrudishia mgeni zawadi yake ni utovu wa adabu. Ni kweli, tumelelewa hivyo. Lakini kuku aliyepelekewa mzee alitoka katika boma la mtoaji. Almasi apewayo waziri hutoka kwa nani?

Ndugu msomaji, tutazame kisa cha Bangui. Mwaka 1973 Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, alimpa almasi Valéry Giscard d'Estaing, wakati huo Waziri wa Fedha wa Ufaransa, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa Rais. Desemba 1977 Bokassa alijivika taji la Kaisari, lenye almasi pia. Januari 1979 wanafunzi waliandamana kupinga amri ya kununua sare ghali zilizotoka katika kiwanda cha jamaa zake. Aprili watoto wengi walikamatwa wakauawa gerezani. Tume ya wanasheria kutoka nchi tano za Afrika ilichunguza, ikaona kwamba karibu ni hakika Bokassa mwenyewe alishiriki.

Ufaransa ilimwondoa Septemba mwaka huo. Oktoba gazeti la Le Canard enchaîné likaifichua zawadi ile. Giscard alidai kwamba thamani yake ilikuwa imetiwa chumvi. Baadaye akasema mawe yaliuzwa na fedha zikapewa mashirika ya hisani. Mei 1981 alishindwa katika uchaguzi. Sidai kwamba almasi peke yake ndiyo iliyomwangusha. Linalonikera ni kwamba Paris ilibishana juu ya bei ya vito tu, kana kwamba havikuwa na mwenyewe. Wazazi wa watoto wale, wenye ardhi iliyochimbwa almasi, hawakuulizwa neno.

Wanakanisa wanaijua Kutoka 23:8. Sheria yetu nayo haina kigugumizi. Kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 chasema zawadi apewayo afisa wa Serikali katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 14, yamkataza kabisa kupokea vito, madini ya thamani na pembe za ndovu. Kuna watakaosema kwamba saa ya chuma si kito. Wajanja hawa wasome kifungu chote, maana zawadi yoyote isiyo ya adabu ya kawaida imekatazwa, hata ikiwa saa. (Machi 2024 polisi wa Peru walivunja mlango wa nyumba ya Rais Dina Boluarte wakitafuta saa za Rolex. Alisema aliazimwa na rafiki, gavana.)

Sheria hiyohiyo yaamuru kila taasisi ya umma iweke daftari la zawadi. Hapo ndipo penye kazi yetu. Mheshimiwa wako akionekana na saa mpya inayomeremeta, usinung'unike ibadani. Andika barua kwa ofisi yake uombe kuliona daftari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaruhusu barua hiyo iwe kwa Kiswahili, haikudai ueleze sababu, nayo ofisi imepewa siku 21 za kujibu.