Oksijeni Inayouzwa kwa Saa

PUMZI YA WIKI
Na Salma Mwinyihaji

Mwaka 1928, kando ya Ziwa Erie katika jiji la Cleveland, Marekani, lilisimama tufe la chuma lenye ghorofa 5. Upana wake ulikaribia mita 20, uzito wake tani 900, na kuta zake zilijaa madirisha ya duara kama ya meli. Lilikuwa hospitali. Wagonjwa walilala humo usiku na mchana wakivuta hewa iliyoshindiliwa na mashine. Mwenye wazo alikuwa Dk. Orval Cunningham, daktari wa nusukaputi kutoka Kansas City. Mwenye fedha alikuwa Henry Timken, tajiri wa beringi, aliyetoa takriban dola milioni 1.

Cunningham aliamini kwamba kisukari, kaswende na hata saratani vinatokana na vijidudu visivyostahimili oksijeni. Mshindilie mgonjwa hewa, vijidudu vife. Chama cha Madaktari cha Marekani kilimtaka atoe ushahidi, kikarudia tena na tena. Hakuutoa. Miaka ya 1930 hospitali ikafungwa, na mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, tufe likakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Tufe limekwisha, biashara yake imerudi. Kuanzia Los Angeles hadi London na Dubai, vituo vya mazoezi na vya urembo vinauza saa za kulala ndani ya mtungi wa kioo au mfuko wenye zipu. Mteja huahidiwa misuli isiyochoka, ngozi ya ujana, usingizi mnono na akili iliyochangamka. Huonyeshwa pia picha za wanamichezo maarufu wakiwa wamejilaza humo.

Kinachoiudhi safu hii ni kwamba ahadi hizo zinajificha nyuma ya tiba ya kweli, tena tiba inayookoa roho. Tiba ya haipabariki, kwa jina lake la kitaalamu, humweka mgonjwa ndani ya chumba chenye mgandamizo wa mara 2 hadi 3 ya hewa ya kawaida, akavuta oksijeni tupu. Kwa kawaida oksijeni husafiri mwilini ikiwa imebebwa na chembe nyekundu za damu. Mgandamizo ukipanda, huyeyuka pia ndani ya majimaji ya damu yenyewe. Mwaka 1960 daktari mpasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alichapisha jaribio lililoshangaza wenzake: nguruwe walioondolewa karibu chembe zao zote nyekundu waliendelea kuishi ndani ya chumba cha namna hiyo.

Mnufaika wa kwanza ni mzamiaji. Anayekaa chini sana kisha akapanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu yakiziba mishipa ya uti wa mgongo, kijana aliyeteremka na mtungi mgongoni akitafuta majongoo bahari hurudi ufukweni miguu haina nguvu. Chumba cha mgandamizo huyabana mapovu hayo na kuyayeyusha upya. Tiba hii pia ina nafasi yake kwa baadhi ya vidonda sugu vya mguu wa kisukari, na kwa mifupa na nyama zilizoharibiwa na mionzi ya kutibu saratani.

Sasa utazame ule mfuko wenye zipu. Ni ndugu wa mifuko inayotumika kuwapa nafuu wapanda milima waliozidiwa na hewa nyepesi, na huko mlimani una kazi yake. Mjini hupandisha mgandamizo hadi mara 1.3 tu, mara nyingi kwa hewa ileile ya chumbani. Hewa hiyo ina oksijeni asilimia 21. Zidisha kwa 1.3, unapata 27. Kiwango hicho cha oksijeni mgonjwa wa wodini hukipata kwa mrija mwembamba wa puani. Mteja amelipia saa nzima ya mrija wa puani bila kuambiwa.

Watetezi hutaja utafiti wa Israel uliochapishwa Novemba 2020, uliosema vikao 60 vilirefusha telomia, zile ncha za kromosomu zinazofupika kadiri umri unavyosonga, kwa zaidi ya asilimia 20. Waliohusika walikuwa watu 35 wa miaka 64 na zaidi. Halikuwepo kundi la kulinganisha. Ni mwanzo wa swali zuri la kisayansi. Kulifanya tangazo la kuuza ujana ni kuwakosea wazee wanaolipa.

Hatari nayo ipo. Katika hospitali inayofuata taratibu, kabla ya kuingia mgonjwa huvua saa na hereni, huacha simu na kiberiti, hufuta mafuta ya nywele, kisha huvaa gauni la pamba. Kwenye mtungi wa mtu mmoja, mkononi hufungwa waya wa kupeleka umeme tuli ardhini. Mlango ukifungwa, masikio huziba kama ya abiria wa basi linaloteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, na mhudumu humkumbusha ameze mate. Masharti yote hayo yana sababu: ndani ya oksijeni tupu, cheche moja yatosha. Oktoba 1997, jijini Milan, moto uliua watu 11 ndani ya chumba kimoja, na uchunguzi ukaelekeza kwenye kifaa kidogo cha kupasha mikono joto alichoingia nacho mgonjwa. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 aliungua hadi kufa ndani ya mtungi katika kituo binafsi huko Michigan. Na hatari si moto pekee, kuna na ahadi za uongo: tangu 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imewaonya wazazi wasihadaiwe kwamba tiba hii inaponya usonji.

Atakayeletewa mtungi huu kwa jina la afya na amwulize muuzaji: mgandamizo kiasi gani, hewa au oksijeni, kwa ugonjwa upi, na daktari yuko wapi? Wizara za afya zimwulize kabla hajapewa leseni.

Huku kwetu yupo mgonjwa mwingine, mwenye haraka kuliko wote. Ni yule aliyeingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, akafunga dirisha, akakutwa asubuhi hajitambui. Kaboni monoksaidi imeshikilia damu yake. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua kama saa 5 kutoka. Ndani ya chumba cha mgandamizo wa mara 3, ni dakika 23 hivi. Lakini kwa barakoa na oksijeni tupu ya mtungini, huwa kama dakika 80, na hilo zahanati inaliweza leo, alimradi mtungi upo, umejaa, na funguo ya kuufungulia haijapotea.