Fundi wa matairi alipwe ujuzi, si jasho peke yake

Ukienda kununua matairi Dar es Salaam, utabishana kwelikweli: la Kichina au la Kijapani, jipya au mtumba, na mwisho "nipunguzie kidogo." Kwenye kufunga hakuna ubishi. Kufunga ni hela ya soda. Kijana anapiga mtaimbo, anajaza upepo, unaondoka. Mimi nasema hapo ndipo tunapojipunja wenyewe, hasa tunaoendesha magari ya familia yenye sensa za upepo ndani ya magurudumu.

Gari letu ni la viti saba, limetoka Uingereza. Kila Desemba linabeba watoto, mama mkwe na mizigo ya kila namna hadi Moshi. Aliyepita kati ya Mombo na Same saa nane mchana anaijua lami ile inavyochemka. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka. Linapata moto, na moto ukizidi mpira wa juu hubanduka kutoka kwenye nyuzi zake. Dereva anaweza asihisi lolote mpaka lipasuke, ilhali sensa ingekuwa imeshamwonya tangu Chalinze.

Wamarekani walijifunza hilo kwa misiba. Mwaka 2000 mamilioni ya matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, yalirudishwa kiwandani baada ya ajali na vifo vingi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyosababisha mfumo wa kumwonya dereva uwe lazima, na kufikia Septemba 2007 magari madogo mapya yote ya huko yalitakiwa kuwa nao. Umoja wa Ulaya ukafuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria lilipaswa kuwa na mfumo huo. Kwa hiyo gari la Uingereza la mwaka 2015 likishushwa bandarini kwetu, mfumo limekuja nao, mnunuzi ajue asijue.

Mifumo iko ya aina mbili. Mmoja hauna kitu ndani ya tairi. Unatumia sensa za breki za ABS kulinganisha mizunguko, kwa sababu tairi lililopungua upepo hupungua kimo na kuzunguka upesi kuliko mengine. Ukibadilisha matairi ya gari la namna hiyo, weka upepo unaotakiwa kisha uanzishe mfumo upya kwa kitufe au kwenye menyu. Gari letu lina aina ya pili: kifaa kidogo kimefungwa kwenye rimu, nyuma ya mdomo wa kujazia upepo, kinatuma vipimo kwa redio. Betri yake imefungiwa humohumo na haibadilishwi. Hudumu takriban miaka mitano hadi kumi. Gari lililofika kwetu na miaka minane liko ukingoni, na wakati mzuri wa kuweka sensa mpya ni pale tairi la zamani limeshatolewa. Ukisubiri zife baadaye, utalipia kazi ileile mara mbili.

Safari hii tulipobadilisha matairi nilimwambia kijana kabla hajashika chochote, "Fundi, humu mna sensa."

"Zinakaa upande gani, mama?"

Nikamwonyesha. Asibane tairi karibu na mdomo wa upepo, na mtaimbo usipite pale. Kwa sensa zitakazobaki, abadilishe mpira wa kuziba na nati, kwa kuwa hivyo huchakaa. Alisikiliza, akafanya kazi safi. Alipomaliza akaniambia, "Mama, kwa hela wanayotulipa ya kufunga, nikivunja moja ya hizi nadaiwa mwezi mzima. Ndiyo maana wengine hatuulizi."

Hilo ndilo tatizo. Tunamkabidhi fundi kifaa cha bei kubwa kwa malipo ya kubeba mzigo, kisha tunashangaa taa ya onyo ya upepo kwenye dashibodi ikiwaka.

Wapo watakaosema sensa zote zing'olewe, mbona wazee wetu waliendesha bila hizo. Nakubaliana nao kwa jambo moja: geji ya mkono bado inahitajika. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25, yaani tairi la psi 33 linaweza kushuka hadi karibu psi 25 taa ikiwa kimya. Kwa hiyo pima asubuhi tairi likiwa baridi, na soma kibandiko cha mlango wa dereva, maana gari lililojaa watu na mizigo mara nyingi lina kipimo chake. Lakini geji haikupigii kelele ukiwa Hedaru. Na taa iliyoachwa iwake mwaka mzima haitakuambia lolote siku ya hatari. Nimewahi kuona gari lililobandikwa utepe mweusi juu ya taa hiyo ili lionekane zima.

Taa yenyewe si ngumu kuisoma. Ikiwaka na kutulia, tafuta tairi lililopungua upepo. Ikimetameta kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu, aghalabu sensa imekufa. Na ukienda kutafuta sensa Kariakoo, taja gari limetoka wapi. Za Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, nyingi za Marekani 315. Isiyo yake inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la rimu na gari lisiisikie kamwe.

Nawaomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wawafundishe vijana wa matairi kazi hii, na kifaa cha kusomea sensa kiwe kitu cha kawaida gereji. Wauzaji wa magari nao waseme wazi kama sensa ni hai au zimekufa. Sisi wenye magari tukubali bei mbili: ya kufunga tairi la kawaida na ya kufunga tairi lenye sensa, na anayelipwa hiyo ya pili abebe dhamana ya alichokivunja. Fundi anayeniuliza kuhusu sensa kabla hajanyanyua jeki nitamlipa zaidi bila kubishana. Anayeanza na mtaimbo, nitageuza gari niende kwa mwingine.