Mkutubi akijisifu, mwache apige kelele

Msomaji wangu, hebu nitajie kazi moja ambayo wenye nayo hawajisifu siku hizi. Utahangaika. Dereva wa matatu ya Nakuru kwenda Nairobi anajirekodi akiipita Gilgil kama upepo. Kinyozi wa Kaptembwo anaposti kila kichwa anachonyoa, hata kile ambacho hakikutoka vizuri. Mama wa mitumba yuko laivu TikTok saa tatu usiku, anamwambia dada wa Eldoret kwamba ile koti amemwekea. Mganga naye amebandika karatasi kwenye kila nguzo ya stima kutoka Free Area hadi Pipeline, na anaahidi kumrudisha mpenzi wako kwa saa 24.

Sasa nitajie mkutubi mmoja uliyewahi kumwona akijipiga kifua.

Umenyamaza, na sikulaumu. Pengine hata unajiuliza mkutubi ndiye nani. Ni yule mtu wa maktaba, yule unayemkumbuka kwa sauti moja tu: "Shhh!" Na hapo ndipo penye shida. Watu hawa wametunyamazisha miaka mingi mpaka wao wenyewe wakazoea kunyamaza, hata pale wanapofaa kupiga kelele mpaka Menengai isikie.

Usidhani nimetumwa na maprofesa. Mimi chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokwama, na sasa naandika blogu na kuunganisha vibarua vya mtandaoni. Ukiacha chuo katika mji huu, milango mingi hufungwa siku hiyo hiyo. Kompyuta za chuo huziingii tena, kitambulisho cha mwanafunzi kimekufa, waifai ya bure imekwenda. Maktaba ya umma ni kati ya mahali pachache palipobaki ambapo msee anaweza kukaa chini ya paa siku nzima bila kuulizwa amenunua nini. Jaribu kukaa hotelini pale Kenyatta Avenue na kikombe kimoja cha chai tangu saa tatu asubuhi, uone weita atakavyoipangusa meza yako mara sita.

Kwa hivyo nina deni na watu hawa, na leo nalipa kwa kuwapigia debe.

Kwanza ujue kwamba wakutubi wana ucheshi, ila wanaufungia ndani kama vile vitabu visivyoazimwa. Wenzao wa Marekani walishatoka mafichoni. Kuanzia mwaka wa 2005, wakutubi wa huko walikuwa wakishindana kitaifa katika gwaride la vitoroli. Ndiyo, vile vitoroli vya kurudishia vitabu kwenye rafu. Wanavaa sare, wanaweka muziki, wanazungusha vitoroli kwa hatua moja kama vijana wa NYS siku ya Jamhuri. Miaka miwili kabla ya hapo, kampuni moja ya vinyago ilikuwa imetengeneza mwanasesere wa mkutubi kwa sura ya Nancy Pearl, mkutubi halisi wa mji wa Seattle. Ukibonyeza kitufe mgongoni, mkono unainuka na kidole kinakwenda mdomoni. Kuna wakutubi waliokasirika, wakasema hiyo ni dharau kwa taaluma yao. Pearl mwenyewe alikuwa amekubali utani huo. Mimi niko upande wa Pearl kabisa. Afadhali uchekwe ukijulikana kuliko uheshimiwe na mtu asiyejua kama upo.

Na wetu wana ya kujisifia kuliko hao wa vitoroli. Mwaka wa 1996, huduma yetu ya maktaba ya taifa, KNLS, ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa wafugaji na watoto wa shule walio mbali na barabara. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, na maktaba imefunguliwa. Hebu fikiria mtu anayeomba kazi akiwa na rekodi hiyo. Anaulizwa uzoefu wake, anajibu kwamba amesimamia tawi lenye miguu minne, linalotema mate likichoka. Mainfluensa wetu wakipanda ngamia dakika tano tu ufuoni Mombasa, tunaletewa picha wiki nzima.

Kuna jingine ambalo ni wachache wanaolijua. Chukua kitabu chochote kilichochapishwa hapa nchini, ukigeuze nyuma. Ile namba ndefu chini ya mistari myeusi, ISBN, mara nyingi utaikuta inaanza na 978-9966. Hiyo 9966 ni Kenya, kama vile 254 ilivyo Kenya kwenye simu. Na anayezigawa namba hizo nchini ni KNLS. Yaani yule mshairi wa mtaani kwenu Bondeni anayetaka kujichapishia kitabu chake ataishia kuomba namba kwa wakutubi. Wangekuwa watu wa kujisifu, wangesema kwamba hakuna kitabu cha Mkenya kinachozaliwa bila wao kukiandikia cheti cha kuzaliwa. Lakini wapi! Wanatoa namba, wanafunga faili, wanaenda nyumbani.

Sasa njoo kwenye mchezo wao wa namba, maana hapo ndipo wanapochekeshana sana. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, aliouchapisha mwaka wa 1876. Kila jambo chini ya jua lina namba yake. Mapishi ni 641.5. Mizimu, ramli na uchawi vinakaa 133, kwa hivyo yule mganga wa nguzo za stima anajulikana anwani yake. Kandanda na michezo mingine iko 796. Mkutubi aliyekolea akiona wanandoa wanagombana kituoni, kichwani mwake inalia 306.8 na kitu.

Nami nikajitafuta. Wanafunzi walioacha masomo wana namba yao: 371.2913. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa meza akanitazama vibaya. Hatua chache kando, 371.3, kuna vitabu vya mbinu za kufundisha na kusoma. Dewey alijua kunitania.

Lakini mfumo huo una ubaguzi wake, na wakutubi wa Afrika wanaujua kwa sababu wao ndio wanaobeba mzigo. Kiingereza kimepewa 420 mpaka 429 kizima, kama shamba la walowezi wa zamani pale Njoro. Kiswahili, lugha ambayo Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliitengea siku yake ya Julai 7, kinakaa 496.392. Ukristo una eneo kutoka 220 hadi 280 na ushee. Dini za kiasili za Afrika zimesukumwa 299.6, kona ya mwisho kabisa ya nyumba. Kwa hivyo mkutubi wa Nakuru, wa Kericho au wa Kabarnet akitaka kubandika namba kwenye kijitabu chembamba cha masimulizi ya kwao, namba inakuwa ndefu kuliko mgongo wa kitabu. Anaikunja, anaibandika hivyo hivyo. Angeweza kuwachekesha watu jukwaani Churchill Show kwa hilo moja tu.

Halafu kuna maswali yetu sisi wasomaji. Muulize mkutubi yeyote akwambie. Mtu anakuja akitaka kile kitabu cha bluu. Jina? Halijui. Mwandishi? Hamkumbuki. Ila kilikuwa cha bluu na kilikuwa pale mwaka jana. Wakati Chozi la Heri ilikuwa riwaya ya KCSE, sishangai kama kuna aliyeulizia "kile cha kulialia". Na mkutubi huenda akakipata! Ukimwelezea fundi wa gari tatizo lako kwa mtindo huo, atakutoza elfu tano na gari bado litarudi kwa kamba.

Sasa tuseme lile zito, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliorodhesha kazi za serikali za kaunti. Maktaba zimo. Lakini tazama majirani zake kwenye fungu hilo: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, halafu maktaba, kisha makavazi na michezo. Sikutungii, kaisome. Maktaba imekalishwa katikati ya baa na kasino kama mtoto wa kanisa aliyepotelea klabuni.

Kati ya majirani hao, nani anajua kujitangaza? Kamari iko kwenye redio asubuhi, kwenye jezi jioni, kwenye simu yako usiku wa manane. Pombe ina mabango kutoka Naivasha hadi Molo. Michezo ina mashabiki wanaoujaza Afraha na kupiga vuvuzela. Maktaba imekaa kimya, imekunja mikono, inangoja kukumbukwa na mtu wa bajeti. Buda, mtu wa bajeti hamkumbuki aliyenyamaza. Ukiwa na barabara ya Rhoda inayopigiwa kelele na wakazi upande mmoja, na chumba tulivu cha vitabu upande wa pili, pesa zitaenda kwenye kelele. Na si vibaya kwamba barabara zinapata. Tatizo ni kwamba upande wa pili hakuna aliyeongea.

Nakuru lilitangazwa jiji rasmi Desemba 1, 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulisherehekea, na kodi za nyumba zikasherehekea nasi kwa kupanda. Tangu wakati huo watu wanazidi kumiminika, hosteli zinajaa, keja za chumba kimoja zenye majirani wa spika kubwa zinaongezeka. Nani anaweza kusomea CPA hapo? Ndiyo maana ukiingia maktaba ya umma siku ya kawaida utakuta wengi hawasomi hata vitabu vya maktaba. Wamekuja na noti zao. Wanachotafuta ni kiti, mwanga, soketi na ukimya. Kuna wanaosema hiyo si kazi ya maktaba. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, na wakutubi wangepaswa kuitangaza kwa spika: tunakodisha ukimya, bidhaa adimu kuliko zote Nakuru.

Najua utaniambia simu ina kila kitu. Simu ina kila kitu pamoja na uongo wote. Kumbuka Juni 2024. Vijana wa nchi hii waliuchukua Mswada wa Fedha, hati nzito ya kisheria, wakaupasua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, wakautia kwenye video za TikTok. Wengine walitengeneza hata programu ya akili unde ya kujibu maswali kuuhusu. Kutafuta hati halisi badala ya uvumi, kuipanga, kisha kumpa mtu sehemu inayomhusu kwa lugha anayoielewa, hiyo ni kazi ya mkutubi mia kwa mia. Tuliifanya bila kuijua jina. Wenye ujuzi wake, waliousomea, wengine pale Chuo Kikuu cha Moi ambako kitivo cha sayansi ya habari kimekuwepo tangu 1988, walikuwa wapi kusema "hii ni kazi yetu, njooni tuwaonyeshe zaidi"?

Nawapenda, lakini hapo niwagombeze. Wakutubi wetu wakijisifu, wanajisifia wenyewe kwa wenyewe. Nairobi ilipokea mkutano wao wa dunia, ule wa IFLA, mwaka wa 1984. Kuna hata tuzo zilizoanzishwa nchini, Maktaba Awards, za kuzienzi maktaba zilizofanya vyema. Umewahi kuzisikia? Nami nilizipata kwa kuchimba. Wakikutana, wanaandika ripoti kwa Kiingereza cha warsha ambacho hata mlinzi wa geti lao hawezi kukimaliza. Jamani, tuambieni ya ngamia! Tuambieni ya kitabu cha bluu! Tuambieni kwamba wiki hii mzee wa Subukia alikuja hajui haki yake ya shamba akatoka akiwa na nakala ya sheria mkononi, kama lilitokea. Wekeni video ya kitoroli chenye gurudumu moja linalolia kwii kwii katikati ya ukimya, mimi wa kwanza nitaisambaza.

Na wewe msomaji, kaunti ikiitisha ule mkutano wa maoni ya umma kuhusu bajeti, ule unaotangazwa kwa maandishi madogo gazetini, nenda. Uliza swali moja tu: mwaka huu maktaba imetengewa ngapi, na mwaka jana ilikuwa ngapi? Usihutubu, uliza hizo namba mbili kisha ukae. Ukitoka hapo pitia maktaba, umwambie mkutubi ulichojibiwa. Tena ukiazima kitabu, tafadhali andika jina lake mahali, maana vya bluu ni vingi.