Mluzi na Mkataba

Tarehe 8 Desemba 1841, katika kanisa moja mjini Torino, Italia, mhudumu wa sakristia alimcharaza kijana mmoja na kumtimua kwa sababu hakujua kutumikia misa. Kijana huyo, Bartolomeo Garelli, alikuwa yatima na kibarua wa ujenzi kutoka Asti. Padre Giovanni Bosco, aliyekuwa akivaa mavazi ya ibada, akaagiza arudishwe. Baada ya misa alimuuliza kama anajua kusoma. Hajui. Kuandika? Hajui. Kuimba? Hajui. Alipomuuliza kama anajua kupiga mluzi, kijana akatabasamu.

Don Bosco mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii, na sisi tunaopewa mimbari siku za vijana tumeirudia hata imechuja. Kila mara tunakomea kwenye mluzi.

Toleo hili linahusu vijana walio nje ya kanisa. Makala nyingi zilizonifikia zinauliza tufanye nini ili waingie. Mpira umependekezwa, muziki umependekezwa, na mmoja amependekeza chai na maandazi. Sina ugomvi na maandazi. Lakini Garelli alikuwa ameshaingia. Waliomtoa ni wenye kanisa. Na hisani inayotolewa kwa jicho la kuhesabu nani ameokoka, kijana mwenye njaa huijua upesi kuliko sisi tunavyodhani: atakula chambo, ndoano ataiacha.

Sehemu tusiyoihubiri ilikuja miaka kumi baadaye. Torino ilikuwa imejaa vijana wa mashambani waliokuja kutafuta kazi, na mabosi waliwapiga, wakawatuma kazi za nyumbani, wakawalipa watakavyo. Don Bosco akaanza kuwaandikia mikataba. Ule wa Februari 1852, kati ya fundi seremala na mwanagenzi wake, uliandikwa kwenye karatasi yenye stempu ya serikali, na yeye mwenyewe akatia sahihi. Fundi atamfundisha kijana useremala kwa miaka miwili. Atamkosoa kwa maneno, kamwe si kwa fimbo. Hatamtuma kazi isiyo ya ufundi huo. Ujira utapanda kadiri mafunzo yanavyosonga mbele. Kila mwaka atampa likizo ya siku kumi na tano, na Jumapili ni yake.

Wasalesiani, shirika aliloliasisi, wapo Kenya na Tanzania tangu 1980, na katika kambi ya Kakuma huko Kenya wanawafundisha wakimbizi ufundi bila kujali dini zao. Ni kazi njema, na ni rahisi kuisifu kwa sababu inafanywa na wengine, mbali na kwetu.

Tuangalie karibu, hapo kijiweni nje ya geti la kanisa. Vijana wengi wa bodaboda wanaendesha pikipiki za mkataba: kila jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, na muda ukitimia chombo kinakuwa chako. Mara nyingi mkataba wenyewe ni maneno ya mdomo tu. Kijana akiugua malaria wiki nzima, akiwa amebakiza miezi miwili kumaliza, tajiri anaweza kuja kuchukua funguo, na fedha zote alizokwisha kulipa zikapotea. Parokia na sharika zetu zina wanasheria, wahasibu, makarani. Sijaona tangazo linalosema: Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, leteni mikataba yenu tuisome pamoja.

Labda tunaogopa majina tutakayoyakuta upande wa tajiri. Nalijua moja. Miaka michache iliyopita nilikuwa na pikipiki hapo kijiweni. Hatukuandikiana chochote na yule kijana, na Jumapili nilikuwa nikitoka ibadani nampungia mkono, anavuka barabara kuniletea hesabu.