Uashi Haufundishwi kwa Chaki

Bwana Mhariri,

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu mjukuu wangu, anayesoma ujenzi katika sekondari moja ya huku Eastlands, aliporejea nyumbani na daftari lililojaa michoro ya misingi na lenta, ilhali hajapata hata siku moja kushika mwiko wala kuning'iniza timazi.

Nilipokwenda kuuliza nilionyeshwa karakana: mlangoni pana kufuli, ndani mmerundikwa madawati mabovu, na mwalimu wa somo hilo, ambaye simlaumu, akaniarifu kuwa hapewi mchanga wala saruji. Karakana hiyo naijua vyema, kwani ulipoletwa mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985 wazazi tulihimizwa tujenge karakana kwa harambee, nasi tukatoa, wengine fedha, wengine jasho. Basi kilichofungiwa mle ni amana yetu.

Mimi ni mwashi. Aliyenifunza kazi alihitimu Kabete, katika chuo kilichoasisiwa mwaka 1924, naye aliniamuru nijenge kozi tatu za mawe, akazipima kwa timazi, na alipoona ukuta umeinama kadiri ya unene wa ukucha, akaubomoa wote mbele ya macho yangu, nikaanza upya. Somo hilo halimo katika daftari lolote.

Tarehe 29 Aprili 2016, jumba la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, hapa Nairobi, usiku wa mvua, wakafariki watu zaidi ya 40. Sisemi waashi ndio waliokosa, maana jumba lile lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe, na bado watu walikuwa wakiishi humo. Nasema tu kwamba fundi aliyefunzwa barabara huijua saruji iliyopunjwa, na huweza kumkatalia tajiri.

Leo, kwa sheria ya mwaka 2024, mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, majengo yanainuka hadi mtaa wa Mukuru, na vijana wetu huenda huko kuwa watu wa mkono, kubeba kokoto na kuchanganya simiti, kwa kuwa hawakufunzwa zaidi ya hayo.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu, madhali darasa la 10 la mtaala mpya limeanza mwaka huu wa 2026 na ujenzi umo miongoni mwa masomo yake, izifungue karakana, itenge fungu la vifaa, iwapeleke wanafunzi wakati wa likizo kwa mafundi walio kazini katika majengo hayo ya umma, na iwawezeshe kufanya mtihani wa gredi ya ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) kabla hawajamaliza shule.

Mwiko wangu na timazi yangu ninazo hadi leo. Siku kufuli ile itakapofunguliwa, nitakwenda kufundisha bila ujira.

Wako mtiifu,
Mwashi Mstaafu,
Jericho, Nairobi.