Wimbo Hauna Hati ya Kiwanja

Wapo watu, huko Marekani na kwengineko, wanaoupenda muziki wa injili wa bluegrass kama bwana shamba mchoyo apendavyo kisima chake: kwanza hukizungushia ukuta, kisha hujisifu kwa utamu wa maji. Hao husema kwamba huu ni muziki wa wazungu wa milima ya Appalachia, urithi wa Waskoti na Wairishi uliohifadhiwa mabondeni bila ya kuchanganyika na kitu. Upo na upande wa pili, unaoyapokea madai hayo hayo na kuyageuza: kwa kuwa muziki ni wa wazungu wa milimani, basi mtu mweusi anayeketi kuusikiliza, awe wa Alabama au wa Pwani ya Afrika Mashariki, amepotea njia. Pande mbili hizi zinajiona mahasimu, kumbe zinakula sinia moja. Zote zimekosea, na kosa lao si dogo, kwani linakiua kile kile wanachodai kukilinda.

Bill Monroe alizaliwa mwaka 1911 huko Rosine, katika jimbo la Kentucky. Kundi lake aliliita Blue Grass Boys, kwa jina la nyasi zinazolipa jimbo hilo sifa, na mwaka 1939 likaanza kupiga katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville. Mwishoni mwa mwaka 1945 Earl Scruggs wa North Carolina alijiunga nalo, akipiga banjo kwa vidole vitatu, na hapo sura ya muziki huo ikakamilika: mandolini, fidla, gitaa, banjo na besi. Nyimbo za ibada hazikuwa pambo la kuongezwa baadaye. Zilikuwamo tangu mwanzo, zikiimbwa na watu wanne: mwongozaji, mwenye sauti ya juu yake, mwenye sauti ya kati, na mwenye sauti nzito ya chini.

Sasa na aulizwe mwenye ukuta: Monroe alisomea wapi? Alisoma kwa mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla. Alisoma makanisani, katika skuli za uimbaji ambako noti ziliandikwa kwa maumbo, hii pembetatu, hii mraba, ili mkulima asiyejua kusoma muziki aweze kuimba sehemu yake. Na alisoma kwa Arnold Shultz, mtu mweusi, mfanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe, mpiga gitaa na fidla, ambaye Monroe kijana alipiga pamoja naye katika dansi za vijijini na kumtaja kwa heshima hata uzeeni. Shultz alifariki mwaka 1931 bila ya kuacha rekodi hata moja. Hapo ndipo mwenye ukuta anapojipenyeza. Asilolikuta kwenye santuri husema halikuwapo.

Tena si Shultz peke yake. Ukoo wa Carter wa Virginia, uliorikodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol mwaka 1927, ndio hazina wanayochotea waimbaji wa bluegrass hadi leo. A. P. Carter alikuwa akizunguka vijijini kutafuta nyimbo, na mara nyingi alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyepoteza mguu katika ajali kazini. Carter aliandika maneno. Riddle alihifadhi mahadhi kichwani. Waliporudi nyumbani, Riddle ndiye aliyeufundisha wimbo. Nyimbo ziliposajiliwa, jina lililoandikwa lilikuwa la Carter. Mpenzi wa ushairi anaijua dhuluma ya namna hii: shairi linabaki, mtunzi anafutwa.

Ama banjo, ukoo wake unajulikana. Ilitoka mikononi mwa Waafrika waliofanywa watumwa, na jamaa zake wa karibu wangali hai Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegambia ina kibuyu, ngozi, mpini wa mti na uzi mfupi unaogongwa kwa kidole gumba, kama banjo. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani aliyekulia katika bluegrass, alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuifuata asili ya ala yake, na huku kwetu akapiga pamoja na Anania Ngoliga. Filamu ya safari hiyo, iliyotoka mwaka 2008, ilipewa jina lililofasiriwa kutokana na Bagamoyo: bwaga moyo. Banjo haikutoka Bagamoyo, hilo lisemwe wazi. Lakini mtu huyo alielewa kwamba ala aliyoipakata ilikuwa na safari nyuma yake, na kwamba safari ile haikuwa ya hiari.

Mjuzi atajibu kwamba katika nyimbo za injili banjo mara nyingi huwekwa chini. Kweli. Kundi la Monroe lilipoimba ibada, mara nyingi lilibakisha mandolini, gitaa na besi tu. Ralph Stanley wa Virginia alikwenda mbali zaidi: mwaka 1971 alirikodi nyimbo za injili bila ya ala hata moja, kwa desturi ya makanisa ya Kibaptisti ya milimani yasiyoruhusu ala ibadani. Basi, atasema mjuzi, ala ya Mwafrika imetoka, kimebaki cha wazungu.

Kilichobaki ni sauti, na sauti ndiyo shahidi mgumu zaidi kumnyamazisha. Katika karne ya 17 makanisa ya Uingereza na Uskoti yalikuwa na waumini wengi wasiojua kusoma, na vitabu vilikuwa haba. Kiongozi alighani mstari mmoja, jamaa wakaupokea na kuuvuta taratibu, kisha akaghani wa pili. Desturi hiyo ilivuka bahari. Watumwa weusi waliipokea pamoja na tenzi za Isaac Watts, wakazivuta kwa namna yao, wakazitia kilio chao. Leo bado husikika katika makanisa ya Wabaptisti weusi wa Kusini na katika makanisa ya wazungu wa milima ya Kentucky. Aliyekulia penye mtu anayeongoza na watu wanaoitikia hahitaji kufundishwa kinachotokea hapo. Nani basi alimpa nani? Wote walipeana, ingawa hawakupeana wakiwa sawa: mmoja alikuwa huru, mwengine alikuwa mali.

Na kupeana hakukukoma. Thomas A. Dorsey, mtoto wa mchungaji mweusi wa Georgia, alikuwa mpiga piano wa blues kabla ya kuwa mtunzi wa injili. Mwaka 1932 mkewe alifariki katika uzazi, na mtoto naye akafuata. Kutokana na msiba ule alitunga "Take My Hand, Precious Lord". Mwaka 1937 alitunga "Peace in the Valley", na mwaka 1951 mzungu wa Kentucky, Red Foley, akairikodi na kuisambaza nchi nzima. Leo waimbaji wa bluegrass huziimba zote mbili kana kwamba zilichimbwa mlimani pamoja na makaa ya mawe. Waziimbe. Lakini anayeziimba huku akidai usafi wa damu anaimba dhidi ya maneno yake mwenyewe.

Upo mtego wa tatu, mtamu zaidi, nao ni msemo kwamba muziki hauna rangi. Msemo huu husemwa na watu wema, na kwa wema wao hufanya kazi ile ile ya ukuta. Ikiwa muziki hauna rangi, Shultz hana haja ya kutajwa, na Riddle hadai chochote. Kushiriki si kusahau. Mwaka 2017 Rhiannon Giddens, mpiga banjo mweusi wa North Carolina, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Kimataifa la Muziki wa Bluegrass akaeleza, kwa majina na kwa tarehe, mchango wa watu weusi katika muziki huo. Hakuja kumfukuza mtu. Alitaka wapenzi wa bluegrass wamjue kila aliyeujenga muziki wanaoupenda.

Na muziki huu, ukiachwa ufanye kazi yake, wenyewe huvunja kuta. Tangu tamasha la siku kadhaa la mwaka 1965 huko Fincastle, Virginia, imekuwa desturi ya matamasha ya bluegrass kuiweka asubuhi ya Jumapili kwa nyimbo za injili. Lakini raha kubwa haiko jukwaani. Iko kati ya magari na mahema, ambako watu wasiojuana hufanya duara, mmoja akataja wimbo na ufunguo wake, na kabla ya ubeti wa pili sauti ya tatu na ya nne zimepatikana. Fundi hukaa ubavuni mwa mwanafunzi. Hakuna anayeulizwa babu yake alitoka bandari gani, wala anasali wapi.

Huko ndiko kupenda. Kupenda injili ya bluegrass ni kumwita mwenziwe aketi, kumsikilizisha, kumwachia nafasi ya sauti ya tatu, na wimbo ukiisha kumwambia ulikopita kabla ya kufika hapo. Mwenye kumtaja Monroe na amtaje Shultz. Mwenye kumtaja Carter na amtaje Riddle. Halafu wimbo uanzwe tena, kwani umetungwa kwa sauti nne, na mtu mmoja aliyejifungia nao ndani ya ukuta wake hana sauti nne za kuuimbia.