Kurudishwa kwenu si talaka: karatasi gani inamaliza ndoa?



Juma hili tunajibu ulizo lenye linarudi karibu kila siku ya mukutano wetu. Mama mumoja anasema: "Bwana alinirudisha kwetu miaka mitano sasa, ameweka mwanamuke mwingine katika nyumba. Mimi ni muke wake bado ao hapana?" Mwingine anauliza: "Familia yetu ilirudisha mali. Sasa ninaweza kuolewa?" Wa tatu anasema: "Bwana ananiambia kama tribunali ilikwisha kuvunja ndoa yetu, lakini sijaona karatasi hata moja. Nitaitafuta wapi?"

Maulizo ni matatu, lakini jibu lina muzizi mumoja. Katika inchi yetu, ndoa yenye iliandikwa katika biro ya etasivili haivunjwi na kinywa cha bwana, wala na mukutano wa familia, wala na miaka ya kukaa mbali. Inavunjwa na tribunali, na tribunali inaacha karatasi. Kama hakuna karatasi, hakuna talaka.

Sheria inasema nini?

Sheria ya jamaa katika Kongo ni Code de la famille, ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987. Ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inasema waziwazi kama talaka inatoka kwa uamuzi wa tribunali, kisha mumoja wa wandoa kuiomba. Mwanamuke anaweza kuomba sawa na mwanaume. Tena, tangu 2016, mwanamuke mwenye kuolewa hahitaji ruhusa ya bwana yake ili aende mbele ya tribunali. Zamani sheria iliomba ruhusa hiyo. Kuna watu wenye wangali wanaogopesha wamama nayo mpaka leo. Musiwasikilize.

Basi, bwana akikusukuma inje na mufuko wa nguo, hiyo ni kufukuza, si talaka. Familia zikikaa, zikarudisha mali na kupeana mukono, hayo ni mapatano. Yanaweza kuleta amani, lakini hayafuti jina lako katika buku la komine. Hata kanisa likisema neno juu ya ndoa ya dini, ndoa ya serikali inabaki palepale.

Na miaka ya kukaa mbali? Sheria inasema kama mumoja akitengana na mwenzake kwa muda wa miaka 3 ao zaidi, hilo linamufanya mwamuzi afikiri kama ndoa imeharibika kabisa. Lakini ni sababu ya kupeleka mbele ya mwamuzi, si talaka yenyewe. Mutu anaweza kukaa miaka 20 kwao na bado akahesabiwa kuwa muke wa yule bwana.

Kwa nini tunakaza neno hili? Juu tunaona matunda yake. Mama mwenye hana talaka hawezi kuolewa na mutu mwingine kwa sheria. Ndoa ya pili haisimami. Mama mwenye alirudi kwao, akauza makala na ndagala, akanunua kiparseli kidogo, anaweza kuona bwana wa zamani anakuja kudai sehemu, kwa sababu mbele ya sheria bado wako wandoa. Lakini kuna upande mwingine pia: kama hamujaachana kwa tribunali, bwana hana haki ya kuuza nyumba yenu bila wewe kukubali, na akifa, wewe ndiye mujane wake mbele ya sheria. Wengi walifukuzwa kwenye kilio wakiambiwa "wewe uliachwa zamani", na hawakujua kama wangeweza kujibu: "Nionyesheni karatasi."

Mbele ya kwenda tribunali

Hatuandiki haya ili kuvunja nyumba za watu. Nyumba yenye inaweza kupona, iponyeshwe: muite wazee, muite wale walisimamia ndoa yenu, muongee. Lakini mama mwenye anapigwa asingoje mukutano wa wazee. Aende kwanza hospitali, aombe karatasi ya munganga, aende polisi. Karatasi ya munganga itamusaidia kesho mbele ya mwamuzi.

Kama umekata shauri, kusanya vitu hivi polepole, na uviweke kwa mutu wa kuaminika:

– akti ya ndoa ("acte de mariage") ao livre ya menaji ("livret de ménage") yenye komine iliwapatia;
– akti za kuzaliwa za watoto;
– karte yako ya elekta ao kitambulisho kingine;
– karatasi za parseli, za nyumba, za vitu vyenye mulinunua pamoja, hata fotokopi;
– kila kitu chenye kinaonyesha mambo yenye yalitokea: barua, ujumbe katika telefone, karatasi ya hospitali, risiti za minerval yenye ulilipa peke yako;
– majina ya watu wenye waliona na wenye watakubali kusema.

Akti ya ndoa ikipotea, rudi kwa komine yenye iliandika ndoa, uombe kopi. Kumbuka mwaka na, kama unaweza, mwezi. Bila mwaka watafungua mabuku mengi bure. Kama ndoa ilifanyika kwa familia tu na haikuandikwa, usikate tumaini. Usiende mikono mitupu; uende na mashahidi wa siku ile mali ilitolewa. Mwanasheria atakuonyesha njia yenye inafaa.

Namna ya kuomba talaka

Mulango wa kuingilia ni tribunali ya amani, ile tunaita Tripaix. Si tribunali kubwa, si parke, si polisi. Polisi hawavunji ndoa. Shefu wa kartie naye havunji ndoa, hata akiandika na kupiga kashe. Uulize kwanza ni Tripaix gani inahusika na komine yenu.

Pale utaona mwandishi wa tribunali, grefye. Ombi linaelekezwa kwa mukubwa wa tribunali, na sheria inakubali maombi ya namna mbili: ya kuandika ao ya kusema kwa kinywa. Mama mwenye hajui kuandika asirudi nyumbani kwa haya. Atasema, na grefye ataandika. Neno la muhimu ni kueleza sababu kwa urefu. "Hatusikilizane" haitoshi. Mwamuzi anatafuta kujua kama maisha ya pamoja hayawezekani tena. Eleza: tangu lini, nini kilitokea, nani aliona, mulijaribu kupatana mara ngapi.

Kisha, mwamuzi atawaita wote wawili kwa ajili ya kuwapatanisha. Wamama wengi wanakasirika pale, wanasema: "Nilikuja kuachana, wananiambia turudiane." Musikasirike. Hiyo ni sehemu ya njia, sheria inaiomba. Mwamuzi anaweza kuita na watu wa familia. Nenda kila mara wanakuita, hata kama umechoka. Mutu asipofika, mambo yanakawia ao yanaharibika. Kama mapatano yanashindikana, mwamuzi anaandika hivyo na shauri linaendelea mpaka hukumu.

Katika muda huo wa kungoja, wewe na watoto munakula nini? Hapa wengi hawajui haki yao. Unaweza kuomba mwamuzi apange mambo ya muda: nani atakaa katika nyumba, watoto watakaa na nani, bwana atatoa nini kwa chakula na masomo. Usingoje hukumu ya mwisho kwa kuomba hayo, omba mapema.

Na feza? Tribunali inaomba malipo ya kufungua shauri. Lipa kwa risiti tu, na uichunge. Mutu mwenye anakuomba "kitu kidogo" katika korido bila risiti, huyo hakusaidii. Kama huna uwezo, omba karatasi ya ukosefu ("attestation d'indigence") kwa wakubwa wa serikali, uonyeshe tribunali. Tena Baro ya waavoka ina biro ya mashauri ya bure. Uliza pale kabla ya kuuza mashine yako ya kushona ili ulipe avoka.

Watoto, nyumba na vitu

Watoto si mali ya familia yenye ilitoa mali. Mwamuzi anaangalia faida ya mutoto: nani anamulisha, nani anamusomesha, nani anamuchunga. Na mwenye hakupata watoto anabaki muzazi. Anapaswa kuchangia malezi yao, na anaweza kuwaona.

Kwa vitu, yote inategemea namna ya ndoa yenye mulichagua mbele ya etasivili. Namna ziko tatu: kila mutu na vyake, kuunganisha vyenye mulipata katika ndoa, kuunganisha vyote. Kama hamukuchagua, sheria inahesabu kama mulichukua ile ya pili: vyenye mulipata katika ndoa ni vya wote wawili, hata kama parseli imeandikwa kwa jina la bwana tu. Basi, usitoke mbele ya mwamuzi na kusema "mimi sitaki kitu, nataka tu amani". Wamama wengi walisema hivyo kwa uchungu, na leo wanalipa kodi ya nyumba wakati wenyewe walisukuma brike za nyumba ile.

Kutafuta karatasi ya talaka

Tunarudi kwa ulizo la mama wa tatu. Kama bwana anasema talaka ilitolewa, alama zake ziko fasi mbili.

Fasi ya kwanza ni grefu ya tribunali yenye ilihukumu. Kila shauri la raia linaandikwa katika buku na linapata namba yenye inaanza na R.C. Nenda na majina kamili ya wote wawili, kama yalivyoandikwa katika akti ya ndoa, na mwaka. Ukipata namba, andika katika kaye yako, maana ni yenyewe itafungua milango mingine. Omba kopi ya hukumu yenye kashe na sahihi. Omba tena karatasi yenye inaonyesha kama hakuna mutu alipeleka shauri mbele ("certificat de non-appel"). Bila hiyo, mutu anaweza kukuambia hukumu haijakomaa, kwa sababu mwenye hakuridhika anaweza kupeleka shauri kwa tribunali kubwa, tribunal de grande instance.

Fasi ya pili ni komine kwenye ndoa iliandikwa. Talaka ikikomaa, inaandikwa pembeni ya akti ya ndoa. Omba kopi mupya ya akti, usome pembeni. Kama hapo ni peupe na grefu haina namba, yule bwana alikudanganya: bado muko wandoa. Na wewe mwenye ulipata hukumu, usilale nayo chini ya malalo. Fuatilia mpaka uone yenyewe imeandikwa katika buku la komine. Tumeona wamama wenye walishinda mbele ya mwamuzi, lakini siku ya kuolewa tena komine inawakataa, kwa sababu buku bado linawaita "bibi wa fulani".

Karatasi ya tribunali ikifika kwako

Neno la mwisho. Kuna siku si wewe unafungua shauri, ni bwana. Wisie anafika kwa mulango na karatasi. Wengine wanakataa kuipokea, wengine wanaipasua, wakifikiri hivyo shauri litakufa. Haliwezi kufa. Tribunali inaweza kuhukumu bila wewe kuwa pale, na watoto na nyumba vikaamuliwa bila sauti yako. Pokea karatasi, muombe mutu akusomee tarehe, tafuta shauri kwa avoka siku ileile, na siku ya tribunali uende na dada ao rafiki mumoja ili usisimame peke yako.

Wamama, kuachana kunauma, hakuna karatasi yenye inaponyesha uchungu huo. Lakini kuishi miaka mingi bila kujua kama uko bibi ao hauko, ni uchungu mwingine juu ya ule wa kwanza, na huo mwamuzi anaweza kuuondoa. Kama uko na hukumu, ao akti, ao karatasi ya wisie yenye huelewi, uilete kwenye mukutano wetu wa juma kesho. Tutaisoma pamoja, kwa siri, na tutaangalia pembeni ya akti yako kuna nini.